Paka Mnene wa Ghala la Simba

Mwaka ule mvua haikuchelewa, haikuja kabisa. Ziwa likanywea mpaka likabaki tope, na samaki wakawa wanapigapiga mikia juani wasijue pa kwenda. Wanyama wakawaokota, wakawapasua, wakawatia chumvi, wakawaanika, kisha wakawatunga kwenye kamba. Mitungo yote wakaipeleka kwa Simba pamoja na magunia ya mtama, kwa kuwa nyumba ya Simba ndiyo peke yake iliyokuwa na ghala la mawe. Samaki wale na mtama ule ndio uliokuwa uhai wa nchi nzima mpaka mawingu yarudi.

Simba, kama kawaida yake, alivimba kifua. "Chakula kikiwa kwangu, nani atakigusa?" Akanguruma mara moja, wote wakasikia, kisha akaenda kulala. Kunguruma si kulinda, lakini nani wa kumwambia?

Ufunguo wa ghala na kazi ya upishi akapewa Fisi. Usiniulize ni mwenye akili gani humpa Fisi ufunguo wa ghala. Fisi alizisifu nywele za Simba siku tatu mfululizo, na siku ya nne ufunguo ukawa shingoni mwake. Mwenye majivuno hana haja ya kuvunjiwa mlango. Msifu tu, ataufungua mwenyewe.

Kwa ajili ya panya, Simba aliweka paka watatu waishi humo humo ghalani, wasitoke nje hata kidogo. Wa kwanza ni Bi Chausiku, mzee mweusi mwenye adabu za zamani. Wa pili ni Kidawa, mwembamba wa mwili na mkali wa ulimi. Wa tatu ni Machano.

Machano aliingia ghalani akiwa paka wa kawaida. Miezi minne baadaye alikuwa mviringo. Akikaa, hujui mbele yake ni upande gani mpaka apige miayo. Panya walimpitia puani wakimwamkia, "Shikamoo, mzee Machano!" Naye hujibu kwa sauti nzito, "Marahaba, wanangu," wakaendelea na safari yao ya kwenda kwenye magunia.

Hakuwa na roho mbaya. Tatizo lilikuwa sinia. Paka wale walikula pamoja, sinia moja, kama ilivyo mila ya ndugu. Bi Chausiku hula matonge matatu akajirudisha nyuma na kusema, "Nimeshiba, ahsanteni," hata kama tumbo lake linalia. Kidawa alitaka kula, ila kichwa cha Machano kilikuwa kimeshafunika sinia lote. Na Machano alifundishwa utotoni kwamba kubakiza chakula ni kumtukana mpishi, basi hakumtukana mpishi hata siku moja.

Asubuhi moja Simba aliingia ghalani ghafla. Akatazama darini ilikoning'inizwa mitungo ya samaki. Akatazama tena.

"Fisi! Samaki wangu wako wapi?"

Fisi alijipiga kifua. "Bwana Mkubwa, nilikuwa naona haya kusema. Mtazame Machano. Kila siku hula mtungo mzima. Mimi nitafanyaje? Ni paka wako."

"Mimi?" alisema Machano. Akataka kusimama kwa heshima, akashindwa, akabaki amekaa. "Bwana Mkubwa, mimi sijawahi hata kufika darini."

"Tumbo hilo limejaa upepo?" alifoka Simba. "Panya hukamati, samaki unamaliza. Leo leo utolewe nje ya boma!"

Nje ya ua wa miiba hakukuwa na tone la maji wala mwenye huruma, na paka asiyeweza kukimbia angekuwa kitoweo kabla hajafika kwenye kivuli cha kwanza.

Sungura alikuwa mlangoni, amefuata mtama wa watoto wake. Akaweka kikapu chini. "Bwana Mkubwa, ukimtoa leo, watu watasema Simba alimlisha paka wake mpaka akaharibika, kisha akamtupa. Sifa yako itaenda wapi? Mpe muda mpaka mwezi wa tatu uandame. Nitamkondesha. Akiweza kupanda darini na kukamata panya, abaki. Akishindwa, mtoe, na mimi nitoke naye."

Simba aliposikia neno sifa alituliza mkia. "Mpaka mwezi wa tatu uandame. Si siku moja zaidi."

Fisi alikubali kwa kichwa, huku mate yakimjaa mdomoni. Nikwambie wazi, samaki aliwala yeye. Machano akitolewa akiwa mnene, wizi wote utatoka naye mgongoni; na Fisi atakuwa anamsubiri nyuma ya ua, maana paka mnene aliye nje ni wa anayemkuta kwanza. Je, samaki wakizidi kupungua baada ya hapo, atamsingizia nani? Hilo Fisi hakulifikiria. Fikra za Fisi haziendi mbali kuliko tonge lililo mbele yake.

Siku ya kwanza Sungura aliliegemeza sinia ukutani. "Kuanzia sasa kila mtu na bakuli lake, pembe yake, mara mbili kwa siku. Chakula kitapimwa kwa kifuu cha nazi."

"Toba!" alipiga kelele Fisi kutoka jikoni, chumba cha ubavuni mwa ghala. "Ndugu wale mbalimbali? Kula kwa kujificha ni kazi ya wachawi!"

Hata Bi Chausiku alitikisika. "Mwanangu Sungura, nimezeeka sijawahi kula peke yangu."

"Ndiyo maana umebaki mifupa, Bi mkubwa."

"Kwa nini tuzunguke?" alidakia Kidawa. "Mnyimeni chakula siku saba. Atakonda tu."

"Ya nane utamzika," alisema Sungura. "Paka mnene akinyimwa ghafla huugua akafa na unene wake. Hunyimwi, Machano, unapunguziwa. Hukunenepa jana, hutakonda kesho."

Wakatengeneza na mizani: ubao mrefu juu ya gogo. Upande mmoja akae Machano, upande wa pili Kobe. Kobe alichaguliwa kwa sababu njaa haimpunguzi na shibe haimwongezi. Machano alipokaa, Kobe akapaa juu miguu ikipiga makasia hewani.

"Nishusheni!" alilia Kobe. "Mimi sikuzaliwa ndege!"

Wakangoja siku kumi. Wakapima tena. Kobe akapaa vilevile.

Sungura akapandwa na hasira. Wakati wa chakula cha mchana akajibanza nyuma ya gunia, akachungulia. Akamwona Machano akimaliza bakuli lake kwa kulamba mara mbili, akajifuta sharubu, akatembea taratibu kama mtu anayenyoosha miguu tu, mpaka kwenye pembe ya Bi Chausiku. Akakohoa.

"Hodi, Bi mkubwa."

"Karibu, baba. Karibu tule."

"Ahsante, mimi nimeshakula."

"Walau tonge moja, usinivunjie heshima."

Machano hakumvunjia heshima. Tonge lilikuwa moja kweli, ila lilikuwa kubwa kuliko bakuli. Kisha akaenda kwa Kidawa. Kidawa alimwona anakuja, akala haraka, akakunja uso, lakini Machano alipofika akasema kwa meno yaliyofungana, "Karibu."

Sungura akaruka kutoka nyuma ya gunia. "Nyinyi mna wazimu? Huyu akitolewa nje atakufa, na mnamkaribisha?"

"Sasa nifanyeje?" alijibu Kidawa kwa ukali uleule. "Mtu anikute nakula nimtazame tu? Mama yangu hakunilea porini!"

Mila si panya useme utaikamata mkia. Sungura akajikuna sikio, kisha akacheka peke yake.

Kesho yake mabakuli ya Bi Chausiku na Kidawa yaliwekwa juu darini, na la Machano likabaki chini. Machano akamaliza lake, akaja chini ya ngazi.

"Hodi huko juu!"

"Karibu, baba!" aliitikia Bi Chausiku. "Panda tule!"

Machano akaitazama ngazi. Ilikuwa na vidato saba. Akapanda cha kwanza, akapanda cha pili, akahema, akasema amesikia mtu anamwita nje, akashuka.

Siku ya tatu alifika kidato cha nne. Siku ya sita alifika juu kabisa, ulimi nje, akakuta mabakuli yanang'aa.

"Loo, umechelewa kidogo," alisema Kidawa kwa upole ambao hakuwa nao siku zote. "Tumemaliza sasa hivi. Karibu tena jioni."

Basi kila siku mara mbili alikaribishwa, na kila siku mara mbili alipanda. Hakuna aliyemnyima. Adabu ilibaki mahali pake, na vidato saba vikafanya kazi yake. Katikati ya siku Kidawa alifunga kipande cha kumbi la nazi kwenye uzi akakiburuta sakafuni, na Machano, aliyesema mchezo huo ni wa watoto, akakirukia mara ishirini.

Walipopima, Kobe alipaa nusu tu. "Leo angalau naiona ardhi," alisema, na wote wakapiga vigelegele.

Fisi hakupiga kigelegele. Alirudi jikoni akawaza, na kesho yake, alipokuwa akimpikia Simba mchuzi wa nazi, akatoa kichwa mlangoni.

"Sheikh Machano! Hebu njoo mara moja. Ulimi wangu leo umekufa. Nionjee chumvi."

Machano alikuwa na majivuno mamoja tu, nayo ni ulimi wake. Aliamini hakuna katika nchi ile anayejua chumvi kama yeye. Akaingia jikoni, akaonja upawa mzima, akafumba macho. "Imepungua kidogo."

Fisi akadondosha punje mbili. "Na sasa?"

Akaonja upawa wa pili. "Bado kidogo."

"Hakuna kama wewe, sheikh wangu," alisema Fisi, akampapasa paja. "Onja upande huu wa mafuta."

Ikawa ndiyo desturi. Kila siku chumvi inaonjwa, na kila siku inapatikana kwenye upawa wa nne. Siku ya kupima ilipofika, Kobe alipaa juu kuliko siku ya kwanza, akageuka akaangukia mgongo.

Sungura akapiga teke gogo mpaka akaumia mguu. "Nani? Nani anampa? Zimebaki siku thelathini!"

"Si mimi," alisema Kidawa. "Bi Chausiku huyo. Huruma zake hizo. Namwona kila siku anabakiza."

"Mimi?" Bi Chausiku alishika ukingo wa ubao, mdomo ukimtetemeka. "Mimi nimuue mwanangu kwa tonge?"

"Usijitie kulia, sema kweli!"

Machano angeweza kunyamaza. Walikuwa wameshaanza kugombana wao kwa wao, na hakuna aliyekuwa akimtazama. Lakini alimwona yule mzee amesimama pale, akashindwa.

"Muacheni. Ni mimi," alisema. "Naonja chumvi jikoni kwa Fisi. Kila siku. Mpaka mchuzi ukolee, nimeshashiba."

"Na siku zote hizi husemi?" alifoka Sungura.

"Nilidhani kuonja si kula."

Kidawa akafungua mdomo, Sungura akamzuia. Akachuchumaa mbele ya Machano, hasira zimemshuka. "Hebu fikiri. Fisi ndiye anayemlilia Simba kwamba unamaliza samaki. Fisi huyohuyo anakuita kwenye sufuria. Kwa nini?"

"Kwa sababu ulimi wangu..."

"Machano, ulimi wako ni wa kawaida kabisa."

Neno hilo lilimuuma kuliko njaa ya miezi miwili. Akainama. Akasema polepole, "Kila nikionja, hunipapasa paja. Jana alipapasa na shingo. Akasema, bado kidogo."

Hakuna aliyecheka. Bi Chausiku akamsogelea akamlamba kichwani kama mtoto, na Kidawa akatazama pembeni akasema, "Bi mkubwa, nisamehe. Ulimi wangu huu siku moja utanitoa roho."

Kesho yake kichwa cha Fisi kikatokeza. "Sheikh Machano! Chumvi!"

Machano hakuinuka. "Tia mwenyewe."

"Nitie nini?"

"Chumvi. Ulimi unao."

Fisi akacheka, akadhani ni mzaha. Akaita siku ya pili, akaita na ya tatu. Mara ya nne akaununia mlango, akasema paka wote hawana shukrani, na tangu hapo hakutazama tena upande ule. Alikuwa na kazi nyingine darini, nyuma kwenye giza ilikoning'inia mitungo, wakati paka wanapolala baada ya chakula cha mchana.

Machano akaendelea kupanda. Ngozi ikalegea, kisha ikajikaza. Siku moja panya wawili walimpitia wakasema, "Shikamoo, mzee Machano!" na mmoja tu ndiye aliyefika kwenye gunia kuwasimulia wenzake.

Mwezi wa tatu ukaandama. Asubuhi yake wanyama wote walikuja kuchukua mgao, wakajipanga mbele ya ghala na vikapu vyao. Simba akaamuru mitungo iteremshwe. Ikateremshwa mitungo miwili.

"Mingine?"

"Hakuna mingine, Bwana Mkubwa," alisema Sungura aliyekuwa juu.

Kilio kikapanda uani. Mama Swala akawakumbatia watoto wake. Mitungo miwili kwa nchi nzima! Simba alinguruma mpaka vumbi likaanguka kutoka kwenye paa.

Fisi akajitupa chini kabla hajaulizwa. "Nilisema! Machano huyo! Jana tu mchana nimemkuta na mtungo mzima mdomoni, amejaa hivi, hawezi hata kugeuka!"

"Machano!" aliita Simba. "Njoo hapa!"

Kivuli kikakatiza darini. Paka mmoja akaruka kutoka juu mpaka kwenye gunia, kutoka kwenye gunia mpaka sakafuni, akatua mbele ya Simba bila kishindo.

Simba akamtazama. "Huyu paka mgeni ni nani? Nimesema mniitie Machano."

"Ndiye mimi, Bwana Mkubwa."

Fisi akainua kichwa. Taya likamshuka.

Ubao ukaletwa. Machano akakaa upande wake, Kobe upande wake. Kobe akabaki chini, na Machano akapaa juu akining'iniza mkia.

"Alhamdulillahi," alisema Kobe. "Leo na yeye aonje."

"Mtungo mzima kila siku," alisema Simba taratibu, "na yuko hivi?"

"Ana minyoo, Bwana Mkubwa!" alisema Fisi. "Minyoo ndiyo inayomalizia samaki!"

Wanyama wakaguna. Bi Chausiku akasogea mbele. Hakuwahi kusema mbele ya watu wengi. "Bwana Mkubwa, paka akila samaki huacha uti wa mgongo. Huacha na kichwa. Mimi nimefagia ghala hili kila asubuhi, sijaokota mwiba."

"Na kamba?" aliuliza Sungura kutoka juu. "Samaki wameliwa, sawa. Kamba walizotungiwa ziko wapi? Ni nani katika nchi hii anayekula samaki na kichwa chake, na mifupa yake, halafu akatafuna na kamba?"

Kichwa kimoja kikageuka, kikageuka cha pili, mpaka vyote vikawa vinamtazama mmoja. Mwaka ule wa njaa kila mnyama mbavu zake zilihesabika. Fisi peke yake ndiye alikuwa na mikunjo ya shingo.

Fisi akafanya anachofanya kila akibanwa: akacheka. Akacheka kwa sauti, kinywa wazi, na kwenye gego la nyuma kipande cha kamba kikawa kinacheza naye.

"Funga mdomo," alisema Simba. "Au la, usiufunge. Acha waone vizuri."

"Bwana Mkubwa," alisema Fisi haraka, "leo nywele zako zimekaa vizuri kuliko..."

"Zimekaa kama zilivyokaa jana." Simba akaunyofoa ufunguo shingoni mwake. Aliutazama kwa muda, na ilionekana wazi kwamba anaona haya, jambo ambalo Simba halifanyi mara nyingi. "Tutajipanga na mitungo miwili na mtama. Tutapungukiwa sote, na mimi nitakuwa wa kwanza. Wewe, toka."

"Nje? Nje hakuna kitu!"

"Ulijua hakuna kitu ulipotaka mwenzako apelekwe."

Nyumbu wawili wakamsindikiza Fisi mpaka nje ya ua wa miiba, na lango likafungwa nyuma yake, jua likiwa utosini.

Simba akamnyooshea Machano ufunguo. "Shika wewe. Umeonewa."

Machano akarudi hatua moja nyuma. "Usinipe mimi, Bwana Mkubwa. Mimi najijua. Mpe Bi Chausiku."

Bi Chausiku akaupokea kwa mikono miwili, akapima mtama wa kila kikapu kwa kifuu kilekile cha nazi, kikapu cha Simba cha mwisho. Nje ya ua Fisi alizunguka mara tatu akitafuta pa kuingilia, na huko nje alikomwandalia Machano ndiko alikobaki yeye. Mchimba kisima huingia mwenyewe.